Gari la Wakwe Lachemka Kebirigo

Fundi Ishmael Angwenyi wa Kebirigo hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliyemletea gari lililozimika njiani alitakiwa kwanza aketi juu ya debe, apumue, kisha ajibu maswali. Lilianza lini? Lilianza kwa sauti au kwa harufu? Ulikuwa unapanda au unateremka? Lilikunywa maji ya wapi? Mara ya mwisho lilifunguliwa na nani, na huyo alipolifunga alibakiwa na skrubu ngapi mkononi? Wenye haraka walimtukana kwa Kiingereza, wakidhani hakijui. Alikijua kidogo, lakini matusi hayakuwa jibu la swali lolote, kwa hiyo aliyaacha yapite.

Njia hiyo aliipata Kericho. Alikwenda huko akiwa kijana ili achume chai, lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa kazi ya majani mawili na chipukizi, akahamishiwa karakana ya matrekta kabla hajaharibu shamba zima. Huko alikaa miaka tisa chini ya fundi mmoja wa Kihindi, mzee mwenye kilemba cha samawati na sauti ya upole. "Gari ni mgonjwa asiyesema," mzee yule alizoea kumwambia. "Usimpe dawa kabla hujajua amekula nini."

Mwaka 1964 Angwenyi alirudi kwao na sanduku moja la spana. Akasimamisha mabati kando ya barabara ya changarawe ya murami, kati ya kinu cha posho na kibanda cha Fred Obura, fundi cherehani aliyetoka upande wa ziwani. Watu hawakumwamini mpaka lilipokuja lori la majani ya chai ambalo injini yake ilichemka kila siku kwa wiki mbili. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamekwisha kubadilisha pampu ya maji na gasketi. Angwenyi alimkalisha dereva kwenye debe, akamwuliza maswali ishirini na matano, kisha akaenda mbele ya lori, akachutama, akavuta gunia. Dereva alikuwa amelifunga mbele ya rejeta, chombo cha kupozea maji ya injini, asubuhi moja ya baridi kali ili injini ipate joto upesi, akalisahau. Lori likaondoka bila kuchemka, na jina la Angwenyi likaondoka nalo mpaka Kisii mjini.

Lakini tabia hiyo ya kuuliza na kujibu kila jambo kama lilivyo, iliyomjengea jina barabarani, nyumbani ilimbomolea. Mwaka 1969 alimwoa Nyanchera, binti wa Mzee Omwenga wa Magwagwa, msichana mwepesi wa kucheka na hodari wa kushona. Mambo yalikwenda vyema hadi jioni moja ya Januari, mwaka 1971, Nyanchera alipochemsha chai akaona matone ya mafuta yakielea juu yake kama macho ya samaki.

"Ishmael," akauliza, "umepika nini kwenye sufuria yangu ya maziwa?"

"Themostati," Angwenyi akajibu.

"Imeiva?"

Ilikuwa ni kejeli. Lakini Angwenyi alikuwa ameulizwa swali, na kizibo kile cha injini hupimwa kwa kuchemshwa mpaka kifunguke. "Ilifunguka kwenye nyuzi themanini na mbili," akasema. "Bado ni nzima."

Kesho yake Nyanchera alifunga sanduku lake akarudi kwao. Si kwamba sufuria ilikuwa kitu kikubwa. Ilikuwa sufuria ya tatu. Angwenyi alituma wazee mara mbili kumwombea, na mara mbili wakarudi na jibu la Mzee Omwenga: kwamba alimwozesha bintiye kwa mtu, wala si kwa karakana, na akitaka kumrudisha atamrudisha siku atakayoona dalili ya mtu.

Basi wiki zikapita, hadi Ijumaa moja ya Machi, saa saba na dakika ishirini mchana. Angwenyi alikuwa akisafisha plagi aliposikia injini ikija kutoka upande wa Ikonge, ikikohoa kama ng'ombe mwenye homa ya mapafu. Aliijua sauti ile kabla hajainua kichwa. Gari dogo la rangi ya maziwa lilipanda polepole, mvuke ukifuka pande zote mbili za boneti, likasimama mbele ya mabati yake pasipo kufungwa breki. Lilichoka tu.

Mzee Omwenga alishuka akiwa na koti lake na kofia, akafunga mlango kwa heshima. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista huko Magwagwa, na siku hiyo alizungumza Kiswahili, lugha ya kortini, ili Obura naye ashuhudie.

"Fundi," akasema, "sikuja kwako. Nimeishiwa na nguvu mbele ya mlango wako. Elewa tofauti."

"Nimeelewa, Baba. Karibu debe."

"Sikai." Akatazama mawingu. "Tunampeleka Nyanchera Nyacheki, kwa shangazi yake. Kuna shule inataka mwalimu wa kushona. Anaanza Jumatatu."

Angwenyi akaliweka chini tambara alilokuwa nalo, kisha akaliokota tena. "Atakaa huko mpaka lini?"

"Hiyo ni kazi. Kazi haina mpaka lini. Sasa sikiliza. Leo ni Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia, na mimi sisogezi gari hata hatua moja. Nataka niwe Nyacheki kabla ya hapo."

Kwenye kiti cha nyuma alikuwamo Nyanchera, sanduku lake magotini, akitazama mbele kama abiria asiyemjua mtu yeyote mji huo. Kando yake alikuwa mama yake, Mama Mong'ina, mnene, kimya, amejifunika leso hadi kwenye nyusi.

Angwenyi akaona mambo mawili kwa pamoja. Akilitengeneza gari lile, litamchukua mke wake hadi ng'ambo ya pili ya Gusii. Asipolitengeneza, Sabato itawakuta hapo, na Mama Mong'ina atalazimika kulala nyumbani mwa mkwewe, aibu ambayo wajukuu wa wajukuu wangeulizwa habari zake.

Obura, aliyesikia yote huku akijifanya anatia uzi sindanoni, alimvuta kando. "Rafiki yangu, umebanwa kama kitambaa kati ya meno ya mkasi."

"Najua."

"Lakini dawa ipo. Vunja kitu kidogo. Kitu ambacho spea yake iko Nairobi. Mke atabaki."

Angwenyi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nivunje kitu kizima?"

"Basi," akasema Obura, "rudi ukamtengenezee mkeo safari."

Jambo la kwanza lilikuwa gumu kuliko injini. Koki ya kumwagia maji ya rejeta iko chini, na fundi huifikia akiwa amelala chali, miguu nje. Kwa Abagusii mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, wala mkwewe hapiti karibu naye akiwa amefungua shati, sembuse kujilaza chini ya kiti alichokalia. Hizo ndizo chinsoni, na chinsoni hazina kifungu kinachohusu magari. Ilibidi Mama Mong'ina ahamishwe. Nyanchera alishuka akatandaza leso ya pili hewani kama pazia, mama akateremka nyuma yake, na pazia likasafiri polepole hadi barazani kwa Obura, huku Angwenyi akiwa ameupa msafara mgongo. Mama Mong'ina akaketishwa kwenye benchi la wateja, akaelekea ukutani. Nyanchera akasimama katikati, kwa maana yeyote aliyetaka kumwambia mwenzake neno ilibidi lipitie kwake.

"Muulize Mama," Angwenyi akaanza, uso ameuelekeza kwenye kinu cha posho, "kama kabla ya gari kuchemka alisikia harufu yoyote."

Kutoka kwa Angwenyi hadi benchini zilikuwa hatua sita, na Mama Mong'ina alikuwa na masikio mazuri. Lakini alingoja.

"Mama," akasema Nyanchera, "mtu huyu anauliza kama ulisikia harufu."

"Mwambie mimi si mbwa."

"Anasema yeye si mbwa."

"Nimesikia," akasema Angwenyi.

"Hujasikia," Nyanchera akamkumbusha. "Unasikia nikishakuambia."

"Haya. Sasa nimesikia. Muulize gari hili lilikunywa maji ya wapi."

Hapo Mama Mong'ina alikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa swali jepesi kama lile.

"Anasema maji ni maji," akasema Nyanchera.

"Mbona hajasema kitu?"

"Namjua mama yangu. Wewe pia ungeulizwa swali la kitoto kama hilo ungejibu hivyo. Samahani, nilisahau. Wewe ungetaja na nyuzi zake."

Obura alikohoa ndani ya kitambaa alichokuwa akishona.

Mzee Omwenga, ambaye chinsoni hazikumzuia kusema, aliingilia kati. "Maji ni ya kisimani kwangu, safi. Ukitaka kujua ugonjwa, anza na mikono yako mwenyewe. Desemba ni nani aliyebadilisha mpira wa maji? Wewe. Tangu siku hiyo rejeta ikaanza kuvuja, tone, tone, tone."

"Inavuja?" Angwenyi akachutama. Chini palikuwa pakavu. "Mbona sioni tone?"

Uso wa mzee ukang'aa. "Iliponywa. Februari, jioni moja, nilipiga magoti sebuleni nikaliombea gari hili kama saa nzima. Asubuhi natazama, hakuna hata tone. Nimetoa ushuhuda kanisani. Watu walilia."

Angwenyi aliitikia kwa kichwa, akafungua boneti, akaanza kwa utaratibu wake. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ulikubali nusu inchi, kama inavyotakiwa. Akaizungusha feni kwa mkono. Pampu haikulia wala haikuyumba. Akaifinya mipira ya maji, wa juu na wa chini, na hapo akasita. Wa juu ulikuwa wa moto usioshikika. Wa chini ulikuwa wa vuguvugu tu. Maji ya moto yalikuwa yanaingia kwenye rejeta, au yanajaribu kuingia, lakini hayakuwa yanatoka.

"Sasa tungoje ipoe," akasema.

"Tungoje!" Mzee Omwenga akatoa saa yake ya mfukoni. "Jua nalo linangoja?"

"Nikifungua sasa, Baba, itatutapikia sote."

Walingoja dakika thelathini na tano. Mawingu yalikuwa yamefunika vilima, na kwa kuwa jua halikuonekana, Mzee Omwenga aliliona likizama kila baada ya dakika tano. Mwishowe Angwenyi alifunika kifuniko cha rejeta kwa gunia lililolowa, akakizungusha robo, akakiacha kipumue, kisha akakiondoa.

Mvuke mdogo ulipanda. Obura, aliyekuwa anapita na pasi yake ya makaa, alisimama akanusa.

"Ee! Nani anapika uji saa hizi?"

Angwenyi alitia kidole ndani ya shingo ya rejeta akakitoa kikiwa na kitu cha hudhurungi, kizito, cha kuteleza. Akakisugua kwa kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo nyekundu za maganda. Akakileta puani. Harufu ile ilimrudisha jikoni kwa mama yake mzazi, zamani, chungu kipya kikiwa motoni.

Kila mwanamke wa Gusii anajua: chungu kikivuja, kipikie uji mzito wa wimbi, uuache ushike, na nyufa zitajiziba zenyewe. Angwenyi alifikiri zaidi. Hili halikuwa tendo la mwanamume. Mwanamume angetia tumbaku, au yai bichi. Hapa mtu mwangalifu, mwenye mkono uliozoea, aliiona rejeta ya mumewe ikidondosha maji kama chungu, akaitibu kama chungu. Na dawa ilifanya kazi. Tundu liliziba, na ushuhuda ukatolewa. Kisha, siku baada ya siku, uji ukaendelea kuiva, ukagandamana kwenye vibomba vyembamba vya rejeta kimoja baada ya kingine.

Alitazama barazani bila kutazama. Mgongo wa Mama Mong'ina ulikuwa umenyooka kama nguzo ya lango.

"Angwenyi," akasema Obura kwa sauti yake ya sokoni, akichungulia, "lakini hii si ni..."

Angwenyi alimkanyaga mguu. "Tope," akasema.

"Tope gani lenye harufu ya..." Akakanyagwa tena. "Aa. Tope. Kwetu ziwani liko jingi."

Kazi ikaanza. Angwenyi alilala chini akafungua koki, lakini hakikutoka kitu, ila kiuzi kimoja kilichoning'inia kama kamasi. Ikabidi aing'oe rejeta nzima. Aliiinamisha kichwa chini juu ya mtaro, akaagiza magadi dukani, yale yale ambayo wanawake hutia kwenye mboga ngumu, akayachemsha kwenye debe, akamimina ya moto kupitia mlango wa chini ili yasukume uchafu kurudi ulikotoka. Mara ya kwanza maji yalikataa kupita. Mara ya pili yakatoka vipande vipande. Kuku wawili wa kinu cha posho walikuja mbio, wakaonja tope lile, wakaita wenzao.

"Kuku wa hapa wanakula tope?" akauliza Mzee Omwenga.

"Njaa, Baba," akasema Obura.

Themostati nayo ilitoka imevaa uji kama koti. Angwenyi aliisugua kwa brashi, kisha akatafuta chombo cha kuipimia. Nyanchera alikuwa anatazama. Angwenyi hakwenda upande wa nyumbani. Alichukua mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa na kufungwa waya kwa mpini, na ambao ubavuni uliandikwa kwa rangi nyeupe THEMOSTATI TU. Akaujaza maji, akauweka juu ya makaa ya pasi ya Obura, akaitumbukiza themostati ndani yake kwa uzi. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafumbua mdomo taratibu.

"Tangu lini una mkebe?" Nyanchera akauliza, akiutazama ukuta.

"Tangu Januari. Tarehe kumi na tisa."

"Niliondoka tarehe kumi na nane."

"Ndiyo," akasema Angwenyi.

Nyanchera aliikunja mara nne leso aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena.

Rejeta iliposafishika, tone la kwanza lilionekana kwenye kona ya chini upande wa kulia. Uji umeondoka, tundu limerudi. Lilikuwa dogo kama tundu la sindano, mahali ambapo jiwe la barabarani lilikuwa limeipiga, mbali kabisa na mpira uliobadilishwa Desemba. Angwenyi alilikwangua likang'aa, akalipaka asidi kwa unyoya wa kuku, akapasha motoni shaba ya kulehemu na kuyeyushia risasi juu ya tundu hilo. Akaijaza maji, akaipangusa, akailaza juu ya karatasi kavu ya gazeti kwa dakika kumi. Karatasi ilibaki kavu.

Saa kumi na nusu kila kitu kilikuwa mahali pake. Injini iliwashwa, ikaachwa ingurume dakika ishirini. Mipira yote miwili ikawa ya moto, wa juu na wa chini. Hapakuwa na mvuke. Mzee Omwenga alilizunguka gari mara mbili, akakunja mikono kifuani.

"Sasa, fundi, sema. Ni nini kilichoiziba?"

Angwenyi alijipangusa mikono. Kosa halikuwa lake, na ushahidi ulikuwa bado mtaroni ukiliwa na kuku. Neno moja tu, na jina lake lingetakata mbele ya mtu aliyelichafua Magwagwa nzima. Lakini neno hilo lingepita juu ya kichwa cha mama aliyeketi akitazama ukuta, ambaye hata kumwamkia kwa mkono haruhusiwi, na lingeshuka hadi kanisani, juu ya ushuhuda uliowaliza watu.

"Ni uchafu, Baba," akasema. "Fundi aliyelifungua mara ya mwisho hakuosha vizuri."

"Fundi yupi?"

"Mimi."

Mzee Omwenga akamgeukia Obura kama hakimu anayemgeukia karani. "Umesikia? Nilisema. Tangu Desemba nasema. Mtu akishindwa kuosha rejeta, ataweza kutunza binti ya watu? Nyanchera, panda gari."

Nyanchera alikuwa akimtazama mumewe. Aliijua sura yake alipokuwa anasema kweli, kwa kuwa hakuwahi kumwona na sura nyingine. Hii ilikuwa mpya. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu.

Ndipo sauti ikatoka benchini.

"Nyanchera. Mwambie baba yako kwamba ulikuwa uji."

"Mama?"

"Uji wa wimbi. Vikombe vitatu. Mwambie."

"Mama, baba ni mume wako. Mwambie mwenyewe."

Mama Mong'ina, aliyekuwa amezungumza kupitia mtu mchana kutwa hata akasahau njia nyingine, aligeuka nusu. "Baba Nyanchera, ni mimi. Kile chombo kilikuwa kinavuja nikakipikia. Chungu changu kikubwa nilikiziba hivyo hivyo, kina miaka tisa sasa. Nilitaka kukuambia asubuhi, nikakuta umekwisha kushukuru. Basi nikaona haya. Lakini mtu asibebeshwe kazi ya mkono wangu."

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao mtaroni.

"Uliutia lini?" akauliza mzee hatimaye.

"Jioni ile. Ulipokuwa sebuleni unaomba."

"Kabla ya amina, au baada ya amina?"

Mama Mong'ina alifikiri kwa uaminifu. "Ulikuwa katikati. Uliomba muda mrefu."

Mzee Omwenga alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Mtu angedhani angekasirika, na yeye mwenyewe alionekana akijaribu. "Basi," akasema polepole, "mimi niliomba rejeta izibwe, na wakati huohuo mke wangu akaletewa wazo la uji. Jambo hilo nalo lina mahali pake." Akaigusa kofia tena. "Lakini sikusema habari za uji kanisani. Nilisema halikuguswa na mkono wa mtu. Nililisema kwa sauti."

"Ulilisema mara mbili," akasema Mama Mong'ina.

"Kesho lazima nisimame tena nilirekebishe. Siwezi kulala na jambo hilo Nyacheki." Akatoa saa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. "Hata hivyo Nyacheki hatufiki. Magwagwa tutafika. Haya, pandeni, turudi nyumbani. Safari ya shule tutaifanya Jumapili."

Kisha akamtazama Angwenyi kwa muda. "Ulijua," akasema.

"Nilinusa, Baba."

"Ukasema ni wewe."

Angwenyi hakujibu, maana hilo halikuwa swali.

Pazia la leso likamrudisha Mama Mong'ina garini. Nyanchera akapanda nyuma yake na sanduku lake. Mzee akakaa mbele ya usukani. Injini iliwaka mara moja, sauti laini, na Angwenyi akafunga boneti, akalibonyeza kwa viganja viwili kama mtu anayefunika kitabu. Alijua kwamba amelitengeneza vizuri, na kwamba Jumapili litapita hapo hapo bila kusimama.

Nyanchera akateremsha kioo. Mara ya kwanza tangu Januari alimwambia neno akimtazama usoni.

"Fundi, kilima cha Ikonge ni kikali. Gari likipunguziwa mtu mmoja, si litapanda vizuri zaidi?"

Obura alisimama na mkasi hewani. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelijua jibu. Hata kuku wangelijua.

Angwenyi alifikiri. Alikuwa amekwisha kusema uongo mmoja siku hiyo, na ulimtoka kwa shida kama ule uji. Huo alimsemea mama mkwe. Lakini kusema uongo juu ya rejeta aliyoilehemu kwa mkono wake, iliyolala juu ya gazeti dakika kumi bila kulowesha hata herufi moja, kulimshinda.

"Hapana," akasema. "Rejeta ni safi, mkanda uko sawa, themostati inafunguka. Hata mkiwa sita, na ndizi juu, litapanda."

"Mungu wangu," akasema Obura, akaketi.

Nyanchera alimtazama mumewe, mikono yake myeusi ya grisi, masikio ambayo sasa yalikuwa na rangi yake ya kawaida. Kwanza yalitikisika mabega yake. Kisha kicheko kikamponyoka, kile cha zamani, na kutoka ndani ya leso ya Mama Mong'ina ikasikika sauti kama ya kukohoa.

"Baba," akasema Nyanchera alipopata pumzi, "umesikia? Gari halina haja mimi nishuke."

"Nimesikia."

"Basi nashuka kwa haja yangu."

Mzee Omwenga alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama barabara iliyo mbele yake. "Shangazi yako nitamwambia nini?"

"Mwambie atafute fundi cherehani mwingine. Hapa Kebirigo yuko mmoja mwenye maneno mengi, na watu wamemchoka."

"Mimi?" akasema Obura.

Nyanchera akafungua mlango, akakanyaga murami, akalivuta sanduku lake. Lilikuwa zito, likakwama. Angwenyi akapiga hatua moja, akasimama, hajui kama inafaa kuinama mlangoni mwa gari ambamo mama mkwe ameketi. Ndani ya gari, Mama Mong'ina akageuza uso upande wa pili, akaanza kuyatazama mashamba ya chai ya ng'ambo kwa makini makubwa, kama mtu aliyeombwa ayahesabu, wala hakugeuka mpaka aliposikia sanduku likitua chini.